Loki nati: gari lako linalala wapi?

Ukitaka kuwasha mabishano kwenye kijiwe chochote cha madereva kati ya Kilosa na Mikumi, uliza jambo moja tu: rimu zangu nizifunge loki nati au niziache? Muuza vifaa atasema bila nati hizo rimu zako ni za kila mtu. Fundi pancha atakuambia uzing'oe leo hii, kabla hazijakulaza porini. Mwenye IST iliyotoka Dar es Salaam ikiwa tayari inazo atasema hajaibiwa hata siku moja. Mwenye Noah aliyewahi kupoteza ufunguo wake naye hataki hata kuzisikia. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana anayetaka kununua huondoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Chanzo cha kuchanganyikiwa ni kwamba ushauri mwingi hutolewa kana kwamba magari yote yanalala mahali pamoja na yanapata pancha mahali pamoja. Gari la Sinza, Dar es Salaam, na gari la Masanze, huku kijijini Kilosa, yanaweza kuwa ya aina moja, rangi moja na mwaka mmoja, lakini hatari zao hazifanani. Kwa hiyo kabla ya kujibu kama nati hizi zinafaa, tuanze na kile zinacholinda.

Mwizi anataka nini kwenye rimu

Rimu za aloi, ambazo mtaani wengi huziita sporti rimu, huibwa kwa sababu mbili. Kwanza zinatoka haraka. Gari dogo la Kijapani lina nati nne au tano kwa kila gurudumu, na wili spana ya kawaida inazifungua zote. Ukiwa na jeki na matofali ya kuegeshea gari, huhitaji ujuzi wowote wa ziada.

Sababu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: zinaingiliana. Rimu ya IST ya zamani ina matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, na mpangilio huo huo uko kwenye Vitz, Passo na Starlet. Noah, RAV4, Harrier na Mark X zina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3. Hilux na Prado zina sita kwenye duara la milimita 139.7. Rimu iliyotoka kwenye gari moja leo inaweza kuwa kwenye gari jingine kesho bila kubadilishwa chochote. Taa ya nyuma ya Premio itabaki kuwa ya Premio, lakini rimu haina kabila.

Kinachofuata ni soko. Miji mikubwa ya Afrika Mashariki ina mitaa ambayo kila mtu anajua kuwa ndiko vipuri vilivyotumika vinakopatikana: Gerezani kule Dar es Salaam, Kirinyaga Road ambayo Wanairobi bado huiita Grogan, soko la Kisekka kule Kampala. Wafanyabiashara wengi wa huko ni waadilifu na wana bidhaa halali kutoka Japani na Dubai. Hata hivyo, palipo na rundo la rimu mia mbili zisizo na namba, seti moja ya wizi hupotea kama chumvi kwenye maji. Kule Masanze rundo hilo halipo. Anayeiba rimu nne usiku kijijini lazima azisafirishe, na asubuhi kijiji kizima kinajua ni gari la nani limekaa juu ya matofali.

Nati yenyewe ilivyo

Loki nati ni nati ya kawaida iliyonyimwa pembe sita. Badala ya kichwa ambacho soketi yoyote inakikamata, ina mfereji uliochongwa kwa mchoro maalumu, na mchoro huo unaingiliana na kifaa kimoja tu kinachokuja nayo, yaani ufunguo. Ufunguo ni kipande cha chuma kigumu, kidogo kuliko kikombe cha kahawa cha kijiweni: upande mmoja una mchoro, upande wa pili una pembe sita za kuingizia wili spana. Kwa kawaida seti ni nati nne, moja kwa kila gurudumu, pamoja na kadi ndogo yenye namba ya siri ya kuagizia ufunguo mwingine.

Ubora unatofautiana sana. Nati za mapambo zenye meno membamba pembeni, zile zinazouzwa kwa rangi nyekundu na bluu, zinaitwa za ulinzi lakini ufunguo wake ni wa aina moja kwa maelfu ya seti. Mwenye ufunguo wake mmoja anafungua magari mengi. Zile zenye mchoro wa mawimbi ni afadhali, kwa kuwa michoro yake ni mingi. Juu yao kuna zile zenye pete ya nje inayozunguka bure: ukiikamata kwa soketi iliyopigiliwa kwa nyundo, pete inazunguka na nati inabaki palepale. Kule Uingereza taasisi ya Thatcham, inayopima vifaa vya usalama wa magari kwa ajili ya kampuni za bima, ilifikia kuzitengea nati hizi daraja lake, sambamba na madaraja ya kengele na vizuia injini kuwaka. Maana yake ni kwamba zipo zilizojaribiwa na zipo ambazo jina la loki liko kwenye boksi tu.

Hoja ya wanaosema zifungwe

Upande huu hausemi kwamba nati haifunguki. Anayejua anasema kwamba mwizi ana dakika chache, na chochote kinachomzidishia dakika na kelele kinamsukuma aende gari la jirani. Hoja hiyo ina mashiko. Mwizi wa rimu hafanyi kazi kwa saa nzima, anataka kimya. Nati moja yenye pete inayozunguka kwenye kila gurudumu inamlazimu apige nyundo, na kupiga nyundo saa nane usiku ni sawa na kubisha hodi.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea pawe na mtu wa kuisikia kelele hiyo. Gari lililoegeshwa nyuma ya ukumbi wenye muziki, au kando ya barabara kuu ambako malori ya Mbeya na Tunduma yananguruma usiku kucha, halilindwi sana na kelele. Kuna na dosari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: nati nne haziilindi spea. Kwenye Haisi na Hilux spea inaning'inia chini kwa nyuma. Kwenye RAV4 za zamani iko mlangoni. Mara nyingi ndilo tairi lenye kashata nzuri kuliko yote, na ndilo rahisi kuondoka nalo kwa sababu gari halihitaji hata kunyanyuliwa.

Hoja ya wanaosema zing'olewe

Hapa panahitaji kutazamwa kwa karibu, maana mafundi mara nyingi hudharauliwa kwamba wanachukia kisichokuwa kwenye boksi lao la spana. Hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika.

Loki nati inahamisha hatari. Kabla yake hofu ni mwizi. Baada yake hofu ni kipande kidogo cha chuma ambacho mtu mmoja akikisahau, gari zima halibadilishiki tairi. Gari la mkononi limepita kwa wamiliki wawili au watatu, kila mmoja na fundi wake. Ufunguo uliachwa kwenye benchi la gereji fulani, au uko chini ya zulia la buti ambako hakuna aliyetazama. Kadi ya namba ilitupwa pamoja na boksi. Mwenye gari mpya hajui hata kwamba nati moja kwenye kila gurudumu haifanani na nyingine, hadi siku ya pancha.

Kisha kuna suala la kukaza. Kiwango cha Toyota kwa magari madogo mengi ni niutoni mita 103. Kwa wili spana yenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 35 hivi kwenye ncha yake, yaani msukumo wa mkono wa mtu mzima aliyesimama vizuri. Sasa tazama inavyofanyika. Kijana wa kilo 70 anapanda juu ya spana kwa mguu: kiwango kimeshazidishwa mara mbili. Akichomeka bomba la mita moja na kuegemea kwa uzito wake wote, kimekaribia mara saba. Nati ya kawaida huvumilia, au stadi, yaani bolti inayoishika nati, hukatika na jambo likajulikana palepale. Ufunguo wa loki nati unavunjika meno. Mashine ya upepo ni mbaya zaidi, kwa sababu inagonga huku ikizungusha, na mchoro mwembamba haukuumbwa kwa kugongwa. Ubaya wake ni kwamba anayekaza si anayefungua. Kosa linafanyika Morogoro mjini kwenye saruji safi. Malipo yanadaiwa wiki tatu baadaye kwenye matope ya Zombo.

Na matope yenyewe yana lake la kusema. Barabara ya Kilosa–Mikumi, inayopita Masanze, Zombo na Ulaya, kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi vumbi jekundu linajipaka ndani ya mfereji wa nati; masika tope linaufuata na kukauka kama saruji. Ufunguo hauzami mpaka chini, unashika kwa nusu ya kina, na ukiuzungusha unaruka na kukwangua mchoro. Fundi mwangalifu huanza na msumari na mswaki uliochakaa, anachokonoa mfereji wote mpaka chuma king'are, ndipo anaushindilia ufunguo kwa kiganja na kuusikiliza: ukigota, umekaa, ukicheza, bado.

Ushauri wa kutoka Ulaya (bara, si kata yetu) haugusi haya kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya nchi ambako mtu aliyekwama anapiga simu na gari la msaada linakuja na seti ya soketi za kung'olea nati zilizopoteza ufunguo. Kati ya Kilosa na Mikumi gari la msaada ni bodaboda inayotumwa kumfuata fundi, na fundi anakuja na patasi, nyundo na soketi kuukuu atakayoipigilia juu ya nati. Mara nyingi anafaulu. Lakini patasi ikiteleza inachana rimu ile ile uliyotaka kuilinda.

Kuna na kipande cha barabara kuu kinachokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, takribani kilomita 50, ambako tembo na nyati huvuka lami na simba si hadithi. Kubadilisha tairi pale kunatakiwa kuchukue muda mfupi iwezekanavyo. Kuanza kutafuta ufunguo chini ya viti wakati jua linazama ni gharama ambayo hakuna muuza vifaa anayeiweka kwenye bei.

Je, nati hiyo inakaa kwenye rimu yako?

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ndilo la hatari kuliko wizi. Nati ya gurudumu ina kazi moja kubwa, kushikilia gurudumu, na loki nati isiyolingana na gari inaweza kushindwa kazi hiyo.

Kuna vipimo viwili vya kulinganisha. Cha kwanza ni thredi. Stadi za Toyota ndogo, kama za Honda, zina unene wa milimita 12 na hatua ya 1.5, za Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina unene huo huo lakini hatua ya 1.25. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota inaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha inabana, na hapo ndipo muuzaji anasema inabana kwa kuwa ni mpya. Hapana. Nati sahihi huingia kwa vidole viwili mizunguko mitano sita bila kusukumwa. Ikibana mapema na ukalazimisha kwa spana, thredi imekufa, na stadi mpya inahitaji habu kufunguliwa.

Cha pili ni kikalio, yaani sehemu ya nati inayogusa rimu. Nati nyingi za dukani zina kikalio cha koni. Honda nyingi hutumia cha mviringo kama nusu mpira. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati yenye shingo inayozama ndani ya tundu na washa bapa inayolala juu yake. Ukifunga nati ya koni kwenye tundu lililotengenezwa kwa washa bapa, inagusa ukingo mwembamba tu. Inakaza, inaonekana imekaa, na baada ya kilomita mia kadhaa za mashimo inalegea. Dalili ni sterengi kutetemeka na mgongo wa kiti kugonga. Wengi hulipeleka gari kwa fundi wa balansi, naye anaongeza risasi kwenye rimu.

Kinyume chake nacho kipo. Rimu nne za aloi zina nati za shingo na washa, lakini spea ni ya chuma yenye matundu ya koni. Je, loki nati uliyonunua inakaa kwenye zote mbili? Ijaribu spea siku ya kununua, si siku ya pancha.

Njia nyingine zilizopo mezani

Mjadala huendeshwa kana kwamba chaguo ni loki nati au kuibiwa. Zipo njia nyingine, na baadhi yake watu wa huku wanazitumia kila siku bila kuziita mkakati.

Kuchora namba za gari kwenye vioo, taa na saiti mira ni desturi ya kawaida Tanzania, na namba hiyo hiyo inaweza kuchongwa upande wa ndani wa rimu. Haimzuii mwizi asiyetazama ndani. Inamsumbua mnunuzi, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na namba iliyochongwa inamwondolea kisingizio cha kutojua. Ni rahisi kuliko loki nati na haikwami popote. Mnyororo na kufuli kwenye spea ni jibu la moja kwa moja kwa tairi ambalo loki nati haziligusi. Tatizo lake ni kutu, na kufuli lililoganda kwa tope ni loki nati nyingine.

Bima haisaidii kama wengi wanavyodhani. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi chochote kwa mali yako iliyoibwa. Bima kubwa mara nyingi huwa na kipengele kinachotofautisha kuibwa kwa gari zima na kuibwa kwa kifaa kilichong'olewa kwenye gari, na kipengele hicho kinafaa kusomwa kabla ya kusaini.

Njia inayonivutia zaidi kwa barabara hii ni ile isiyo na urembo: kuzitoa rimu za aloi na kufunga za chuma. Aloi ikigonga ukingo wa shimo kwa kasi inapasuka, na rimu iliyochomelewa ni ya kutilia shaka daima. Ya chuma inapinda, fundi anaipiga nyundo, inarudi barabarani siku hiyo hiyo. Mwizi nayo haimpi faida kubwa. Gari litapoteza sura kidogo na bei ya kuuzia itashuka. Kwa Probox inayobeba abiria na magunia ya mahindi kwenda gulioni, sura ni anasa. Kwa mtu aliyenunua Harrier kwa sababu ya sura yake, ushauri huu ni matusi, na hakuna haja ya kubishana naye.

Kupima kwa mahali gari linapolala

Ukiweka yote kwenye mizani, thamani ya gari si kipimo kizuri cha uamuzi. Mahali linapolala ni kipimo bora.

Gari linalolala Masanze, Zombo au Ulaya, uani kwa mwenyewe, na linalofanya safari zake za Kilosa na Mikumi kurudi kabla ya usiku, halina sababu ya kubeba loki nati. Hatari ya wizi ni ndogo kuliko hatari ya kukwama. Kama lilikuja nazo, zitolewe kwenye gereji yenye vifaa, Morogoro mjini kwa mfano, na nati nne za kawaida zenye kikalio sahihi zifungwe mahali pake. Spea ipigwe mnyororo.

Gari linalolala Dar es Salaam, au linalokaa siku kadhaa kwenye maegesho ya wazi ya gesti Mikumi mjini, lina kesi tofauti. Hapo ninaona hoja ya muuza vifaa inashinda, kwa masharti: aina yenye pete inayozunguka, moja kwa kila gurudumu na si zote ishirini, thredi na kikalio vilivyojaribiwa kwa vidole kabla ya kulipa. Kufunga zote ishirini hakumzuii mwizi zaidi ya moja inavyomzuia, lakini ufunguo ukivunjika kunakupa nati ishirini za kupigia patasi.

Kundi gumu ni la katikati, na linaongezeka. Tangu treni ya SGR ianze kusimama Kilosa ikielekea Dodoma mwaka 2024, mtu wa Masanze anaweza kuliacha gari Kilosa na kwenda Dar es Salaam kwa reli. Gari la kijijini linaanza kulala mjini, usiku mmoja leo, mitatu wiki ijayo. Kwa gari la namna hii loki nati zinafaa, ila ziambatane na nidhamu ambayo wengi hatuna. Ufunguo una mahali pamoja pasipobadilika, na dereva, mke na kijana wa kazi wote wanapajua. Ufunguo wa pili, ulioagizwa kwa namba ya kadi, uko nyumbani. Nati nne za awali ziko kwenye mfuko ndani ya buti. Loki nati hufungwa karibu na vali ya upepo, ili hata gizani mkono uipate. Mafuta na grisi hayapakwi kwenye stadi, maana nati iliyolainishwa hukazwa kupita kiasi bila aliyeshika spana kujua.

Na kila gurudumu linapofunguliwa gereji, mwenye gari akatae mashine ya upepo kwenye nati hiyo moja, kisha kabla ya kulipa achukue ufunguo wake na wili spana iliyo kwenye gari lake mwenyewe, ailegeze na kuikaza tena kwa mkono. Ikikataa pale gereji, bado yuko mahali penye msaada. Baada ya kilomita 50 hadi 100 aikaze tena. Kwa anayetoka Morogoro kurudi Masanze kwa njia ya Mikumi, umbali huo unamfikisha maeneo ya Doma, ambako lami inakaribia kuingia hifadhini. Asimame hapo, ashuke, azikague nati zote kwa spana, na ahakikishe ufunguo uko mahali pake kabla hajaendelea.